Vipuri vya madaraja ya reli za mfano: mzigo wa gramu chache, mipaka mingi

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Andika maneno "vipuri vya daraja la reli" kwenye ankara, kisha tuma kifurushi cha gramu mia mbili. Ofisa wa forodha atakayeisoma karatasi hiyo ana kila sababu ya kufungua kifungu cha 7308 cha orodha ya ushuru, ambacho ndicho kinachohusu madaraja ya chuma na vipande vyake. Akifungua kifurushi chenyewe atakuta plastiki: nati na boliti ndogo kuliko punje ya mtama, vipande vya uzio vyembamba kama uzi, na mataruma yenye urefu wa kidole gumba nusu. Vyote hivyo vinakwenda kufungwa kwenye daraja la sentimita hamsini lililoko juu ya meza ya mtu.

Hii ni biashara kamili, yenye viwanda, mawakala wa jumla na wateja wanaolalamika. Makao yake makuu ni Marekani, Ujerumani na Uingereza, na sehemu kubwa ya bidhaa zinazozalishwa kwa wingi hutoka China. Tunaieleza hapa kwa sababu matatizo yake ni yale yale yanayomkabili kila anayeagiza vipuri vidogo kutoka mbali: kipimo kisicholingana, mtengenezaji anayestaafu bila mrithi, maelezo mabovu kwenye ankara, na nauli inayozidi bei ya mzigo. Msafirishaji anayeielewa atakuwa na maswali sahihi ya kumuuliza mteja kabla ya kupokea kifurushi.

Kwanza, mteja ni nani? Si mtoto. Mnunuzi wa vipuri hivi kwa kawaida ni mtu mzima, aghalabu mstaafu mwenye kipato, ambaye anajenga nakala ndogo ya reli fulani katika mwaka fulani. Wamarekani wana chama chao, National Model Railroad Association, kilichoanzishwa mwaka 1935 mjini Milwaukee, na kazi yake kubwa tangu mwanzo imekuwa kuweka viwango ili gurudumu la kiwanda kimoja liweze kupita kwenye reli ya kiwanda kingine. Kwa lugha ya kiuchumi, chama hicho kilipunguza gharama ya kutolingana. Bila viwango hivyo, kila kiwanda kingekuwa na soko lake dogo na wengi wasingedumu.

KIPIMO NDIYO BIDHAA

Kosa linalogharimu zaidi katika biashara hii ni la kipimo. Mfano maarufu zaidi duniani ni HO, ambao kila kitu kimepunguzwa mara 87. Futi moja ya kweli inakuwa milimita tatu na nusu. Kwa hiyo daraja la futi 150, yaani mita 45 na ushei, linakuwa la sentimita 52. Mfano wa N umepunguzwa mara 160 huko Marekani na Ulaya bara, na daraja hilo hilo linashuka hadi sentimita 28 na nusu.

Hadi hapo mambo ni rahisi. Ugumu unaanza Uingereza, ambako mfano unaopendwa zaidi ni OO, uliopunguzwa mara 76, lakini treni zake hutembea kwenye reli ile ile ya upana wa milimita 16.5 inayotumiwa na HO. Muuzaji asiyejua akiona upana wa reli unalingana, anadhani vipuri vyote vinalingana. Havilingani. Uzio wa daraja wenye kimo cha sentimita 107 unatakiwa uwe na milimita 12 na robo katika HO, lakini milimita 14 katika OO. Tofauti ya milimita moja na robo tatu haionekani kuwa kubwa kwenye karatasi. Mweke mfanyakazi wa reli wa plastiki kando ya uzio huo, aonekane kama anaweza kuuruka kwa mguu mmoja, na mteja atarudisha mzigo.

Mfano wa O nao una sura tatu: mara 48 Marekani, mara 45 Ulaya bara, mara 43 na nusu Uingereza. Hata N ya Waingereza ni mara 148. Hivyo herufi peke yake haitoshi kwenye oda. Anayeagiza kwa niaba ya mteja aandike uwiano wenyewe, 1:87 au 1:76 au 1:160, na nchi ya reli inayonakiliwa.

Yapo maeneo ambayo kipimo kinaweza kulegezwa. Kichwa cha ribiti cha inchi moja katika HO ni kama theluthi moja ya milimita, na hakuna jicho litakalotofautisha ribiti ya 1:87 na ya 1:76 kwa umbali wa mkono. Mawe ya nguzo za daraja pia hayana ubishi, kwani mawe ya kweli yenyewe hayalingani. Kisicholegezwa ni chochote ambacho mwili wa mtu hukishika au kukipanda: ngazi, uzio, mlango, njia ya kutembea.

NINI HASA KINANUNULIWA

Daraja la mfano linaweza kununuliwa likiwa zima ndani ya boksi. Wateja tunaowazungumzia hapa hununua boksi hilo, au hukata boriti zao wenyewe kutoka kwenye vipande vya plastiki, kisha huongeza vile vitu vidogo ambavyo kiwanda hakikuvitia. Hapo ndipo pesa ilipo.

Kinachoanza kuagizwa ni mataruma. Mataruma ya kwenye daraja lisilo na kokoto si yale ya kwenye tuta. Huko Marekani taruma la kawaida lina urefu wa futi nane na nusu, ilhali la darajani hufika futi kumi, ni nene zaidi, na limepangwa karibu karibu ili gurudumu lililoacha njia lisitumbukie katikati. Katika HO hiyo ni tofauti ya milimita 30 na 35. Anayepitisha reli ya kawaida juu ya daraja la mfano, na wengi hufanya hivyo, ameharibu kazi yote kabla hajaanza. Central Valley Model Works ya California ilijijengea jina kwa seti za mataruma ya darajani za plastiki, na Micro Engineering ikajulikana kwa reli nyumbufu ya darajani ambayo tayari ina nafasi ya reli za ulinzi.

Reli za ulinzi ni zile mbili zinazolazwa ndani ya reli kuu. Behewa likiacha njia, zinalizuia lisisogee pembeni likagonga nguzo za daraja. Katika daraja la kweli hazianzii ukingoni mwa daraja bali mita kadhaa kabla, na ncha zake hukutana katikati kama mshale. Katika mfano hutumika reli fupi kuliko ile kuu. Watengenezaji hupima kimo cha reli kwa sehemu za elfu moja za inchi: namba 83 ni milimita 2.1, namba 70 ni milimita 1.8, namba 55 ni milimita 1.4. Reli kuu ikiwa ya namba 83, ya ulinzi iwe ya 70 au 55. Isizidi kimo cha reli kuu, vinginevyo treni itapanda juu yake.

Halafu viti vya daraja. Chuma hutanuka kwa joto, na boriti ya mita 45 hurefuka kwa milimita 22 hivi joto likipanda nyuzi 40. Kwa sababu hiyo ncha moja ya daraja imefungwa na nyingine imekaa juu ya magurudumu au bamba linaloteleza. Katika HO mwendo huo ni robo ya milimita, haufanyi kazi yoyote, lakini anayejua madaraja hutazama viti kwanza. Vipande viwili vya aina moja pande zote mbili ni dalili ya mnunuzi aliyeletewa seti isiyokamilika.

Kwa madaraja ya mbao, ambayo Marekani ya magharibi ilikuwa nayo mengi, kipuri kikuu ni kile kinachounganisha nati, boliti na washa katika kipande kimoja chenye mkia mdogo wa kuchomeka. Tichy Train Group ya North Carolina ni miongoni mwa wanaovitoa kwa saizi nyingi. Hesabu yake ni muhimu kwa mwagizaji. Tuseme daraja lina fremu kumi, na kila fremu ina boliti 20 zinazoonekana. Hizo ni 200. Paketi ikiwa na vipande 80, mteja anahitaji paketi tatu, na si mbili na nusu. Aongeze na ya akiba, kwa sababu kipande cha milimita moja kikidondoka kwenye zulia hakionekani tena. Agizo la pili la paketi moja, kwa nauli kamili, ndilo linalokula faida.

Vingine tutavitaja kwa haraka: njia ya kutembea na uzio wake, vijukwaa vya kukimbilia ambako mfanyakazi husimama treni ikipita, bamba za viungo, vyuma vyembamba vinavyosokotana kama wavu kwenye nguzo, na kibao cha namba ya daraja. Kwenye madaraja ya mbao ya enzi za mvuke kulikuwa pia na mapipa ya maji juu ya vijukwaa, kwa ajili ya kuzima moto wa makaa yaliyodondoka kutoka kwenye injini.

Mwaka unaonakiliwa nao hubadilisha orodha. Kanuni ya kwanza ya Marekani ya kutumia boliti zenye nguvu kubwa badala ya ribiti ilitolewa mwaka 1951, na baada ya hapo ribiti zikaanza kutoweka kwenye madaraja mapya. Mteja anayenakili daraja lililojengwa miaka ya 1980 hahitaji ribiti hata moja. Anayenakili la mwaka 1910 anazihitaji kwa maelfu, na siku hizi hununua karatasi zenye nukta za resini zilizopangwa kwa safu, ambazo hulowekwa majini na kubandikwa kabla ya kupaka rangi.

NANI ANATENGENEZA, NA KWA NINI HUKOSEKANA

Mwanauchumi akiitazama biashara hii anaona jambo moja haraka: gharama ya kwanza ni kubwa na gharama ya kila kipande ni ndogo mno. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki hugharimu maelfu ya dola. Ikishakuwepo, kipande kinatoka kwa senti. Lakini soko la viti vya daraja vya 1:87 ni dogo, kwa hiyo kiwanda huzalisha kwa awamu, huweka stoo, na hakizalishi tena mpaka oda zijikusanye. Ndiyo maana kipuri kinaweza kuwa kwenye orodha ya bei na kisipatikane kwa miezi mingi. Sio ulaghai wa muuzaji.

Wajerumani wana kampuni kubwa zaidi. Faller ya Gütenbach na Noch ya Wangen hutengeneza madaraja mazima na vipuri vyake. Lakini hata huko kumekuwa na mtikisiko. Kibri, yenye madaraja mengi kwenye orodha yake, iliingia mikononi mwa Viessmann mwaka 2010, na Vollmer ikafuata mwaka 2014. Majina yanaendelea kuandikwa kwenye maboksi, kwa hiyo mnunuzi wa mbali anaweza asijue kwamba kiwanda anachokiandikia kimehama. Uingereza, Peco ya kijiji cha Beer, Devon, inamiliki pia majina ya Ratio na Wills, ambayo hutoa uzio, mawe na boriti za plastiki kwa kipimo cha OO.

Marekani ndiko kwenye kampuni nyingi ndogo kabisa, nyingine za mtu na mkewe. Mwenye kampuni akizeeka, kalibu zake huuzwa au hulala stoo. Kalibu za Grandt Line ya California, iliyosifika kwa boliti na madirisha, zilipata bahati ya kuchukuliwa na San Juan. Nyingine hazikupata. Kwa mawakala wa jumla, jina kubwa ni Walthers ya Milwaukee, iliyoanza mwaka 1932. Faida ya kununua kwake si bei, bali ni kwamba vipuri vya viwanda vingi huingia katika kifurushi kimoja.

Wapo waliodhani printa za resini zingemaliza tatizo la kalibu. Kwa kiasi fulani zimefanya hivyo: mtu akiwa na mchoro wa kiti cha daraja anaweza kuchapa vinne tu na akaishia hapo. Lakini Julai 2024 Shapeways, kampuni ambayo wachoraji wengi wadogo waliuzia kazi zao, ilifilisika, na duka lao lote likafungwa siku moja. Baadaye baadhi ya waliokuwa viongozi wake walinunua sehemu ya mali na kuifufua. Hata hivyo, wachoraji ambao hawakuwa na nakala za michoro yao nyumbani walijifunza tofauti kati ya kuwa na bidhaa na kuwa na meza katika soko la mtu mwingine.

MADARAJA YETU KATIKA ORODHA HIYO

Msomaji anaweza kuuliza kama reli za Afrika zinaingia humo. Zinaingia, na kwa njia isiyotarajiwa. Madaraja marefu ya chuma 27 yaliyojengwa kwenye Reli ya Uganda, upande wa magharibi wa Mau kuelekea Kisumu, hayakutoka Uingereza. Yalitengenezwa na American Bridge Company ya Marekani, ambayo iliahidi kuyaleta mapema na kwa bei ya chini kuliko wapinzani wake Waingereza. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Miaka miwili kabla ya hapo, daraja la Atbara nchini Sudan nalo lilikuwa limeshinda kwa sababu hizo hizo, likitoka kiwanda cha Pencoyd huko Pennsylvania. Vipande vilisafirishwa vikiwa na alama, vikashushwa bandarini na kupelekwa ndani kwa reli ile ile iliyokuwa ikijengwa.

Matokeo yake kwa mjenzi wa mfano ni kwamba minara na boriti za mtindo wa Kimarekani, zinazouzwa kwa ajili ya reli za Marekani, zinakaribia sana sura ya madaraja ya Mau. Kinachobadilika ni upana wa njia. Reli ya mita moja, ikipunguzwa mara 87, inakuwa milimita 11 na nusu, na wajenzi hutumia reli ya milimita 12 ambayo viwanda kama Bemo huitengeneza kwa ajili ya reli za milimani za Uswisi. Mataruma hayana budi kukatwa upya, kwa kuwa yale ya futi kumi ni ya njia pana.

Daraja la Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe, ni mfano mwingine. Lilitengenezwa na Cleveland Bridge ya Darlington, Uingereza, likapitia bandari ya Beira, na likafunguliwa mwaka 1905. Tao lake lina mita 156 na nusu. Katika HO hiyo ni mita 1.8, urefu wa kitanda, na ndiyo maana wengi wenye hamu nalo huchagua N, ambako linashuka karibu na mita moja. Njia yake ya milimita 1,067 ikipunguzwa mara 160 ni milimita 6.7, ambayo inakaribiana na reli ya Z ya milimita 6.5. Kwa hiyo oda ya daraja hilo itakuwa na vyuma vya N na reli ya Z. Wakala asiyejua atapiga simu kumuuliza mteja kama amekosea.

KUFUNGA: UTARATIBU UNAOOKOA VIPURI

Vipande vya plastiki hutoka kiwandani vikiwa na mafuta ya kalibu. Vioshwe kwa maji ya sabuni vikiwa bado kwenye fremu yake, vikauke, ndipo vikatwe kwa koleo lenye makali bapa. Anayevunja kwa mkono hupoteza baadhi.

Gundi ifuate aina ya kitu. Plastiki ya stairini huunganishwa kwa dawa inayoiyeyusha, tone dogo likipakwa kwa brashi kwenye kiungo. Shaba ya njano na madini laini hutaka supaglu au epoksi. Plastiki ya asetali, ambayo ni ngumu na hutumiwa pale panapohitajika kunyumbuka, haishiki gundi nyingi, na muuzaji mwaminifu huwaambia wateja hivyo mapema. Kwa nati na boliti, tundu la kama nusu milimita hutobolewa kwa kekee ya mkono, mkia unachomekwa, na gundi hupakwa kwa nyuma ili isionekane.

Utaratibu wa kazi ni ribiti kwanza, kisha boriti na bamba za viungo, kisha rangi, na mwisho kabisa mataruma, reli na uzio. Anayefunga uzio mapema atauvunja wakati wa kupaka rangi. Viti vya daraja viwekwe kabla ya kuweka daraja mahali pake, maana ndivyo vinavyoamua kimo cha reli, na tofauti ya milimita moja kati ya daraja na tuta inatosha kuangusha behewa.

Umeme nao usisahaulike. Reli mbili kuu za mfano hubeba umeme wa kuendesha treni. Reli za ulinzi za chuma zikigusana na reli kuu, au ncha zake zikikutana pale kwenye mshale zikiwa zimegusa pande tofauti, umeme hukatika ghafla na mteja humlaumu aliyemuuzia injini. Wengi huacha nafasi ndogo kwenye ncha hiyo, au hutumia reli ya plastiki iliyopakwa rangi ya kutu. Mwisho hupitishwa behewa refu kuliko yote, polepole, kuona kama kona zake zinagusa nguzo za daraja.

USHURU, NAULI NA VITU VISIVYOPANDA NDEGE

Sasa turudi kwenye ankara. Mifano midogo ya kujifurahisha, iwe inatembea au haitembei, iko kwenye kifungu cha 9503, pamoja na vitu vya kuchezea. Maelezo ya sura ya 95 yanasema vipuri ambavyo vinafaa tu au hasa kwa bidhaa za sura hiyo huwekwa pamoja nazo. Kwa hiyo boliti za plastiki za 1:87 zinaingia huko, na maelezo sahihi kwenye ankara ni "vipuri vya plastiki vya reli ya mfano, kipimo 1:87", pamoja na nchi ya asili. Neno "daraja" likitangulia peke yake linaalika ubishi.

Lakini si kila kilichomo kwenye oda ni kipuri. Vijiti na vipande vya plastiki visivyo na umbo maalumu, kama vile vya Evergreen, ni malighafi ya plastiki na vina kifungu chao, 3916. Gundi ni 3506. Rangi ziko 3208 hadi 3210. Kifurushi kimoja cha thamani ndogo kinaweza kuwa na vifungu vinne, na viwango vinne. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa zilizokamilika kwa kawaida huangukia asilimia 25, malighafi hulipa pungufu, kisha inafuata kodi ya ongezeko la thamani ya nchi husika. Ankara inayotenganisha mistari hiyo humsaidia mteja, ilhali ile iliyoandikwa "vitu vya hobi, jumla" humlipisha kiwango cha juu kwa kila kitu.

Rangi za kupuliza na dawa ya kuyeyusha plastiki hushika moto. Hazikubaliwi kwenye vifurushi vya posta ya anga vya kimataifa, na makampuni ya usafirishaji huzichukua kama mzigo wa hatari tu, kwa gharama yake na karatasi zake. Kikopo kimoja kilichofichwa katikati ya paketi za boliti hukwamisha oda nzima. Ushauri wetu ni kuziondoa kwenye oda na kutafuta rangi ya maji au kununua mahali mteja alipo.

Kuhusu nauli, tuseme vipuri ni dola 24 na nauli ni dola 30. Mteja mmoja mmoja ataona hasara. Oda tano zikipakiwa pamoja, uzito hauongezeki hata kilo moja, na nauli ikiwa dola 40 kwa zote, kila mmoja analipa dola nane. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua hesabu hii tangu zamani. Ugumu uko kwenye kusubiri, kwani mtu anayejenga daraja hupenda kulimaliza wiki hii.

Njia za vifurushi vidogo zenyewe zimebanwa kila upande. Uingereza tangu 1 Januari 2021 inamtaka muuzaji wa nje atoze kodi ya ongezeko la thamani mwenyewe kwa vifurushi visivyozidi pauni 135, na baadhi ya wauzaji wadogo wakaona ni heri waache kuuza huko. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wake wa euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani, iliyokuwa ikiruhusu vifurushi hadi dola 800 bila ushuru tangu 2016, ilisimamisha msamaha huo kwa nchi zote kuanzia 29 Agosti 2025, na mashirika ya posta ya nchi kadhaa, ikiwemo Ujerumani, yakasitisha kwa muda kupokea vifurushi vya bidhaa vya kwenda huko. Mmarekani anayetaka uzio wa Kijerumani sasa anakutana na karatasi ambazo zamani zilimhusu mwagizaji wa kontena.

Kwa wanaovusha bidhaa katika ukanda wetu, jambo moja la kuzingatia. Vipuri vilivyoagizwa kutoka Marekani na kutolewa Nairobi haviwezi kuvuka Busia au Malaba kwa cheti rahisi cha asili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na udogo wa mzigo haubadilishi asili yake. Mteja akiwa Kampala au Kigali, mwambie muuzaji aandike anwani ya huko tangu mwanzo, na ushuru ulipwe mara moja pale mzigo unapotumika.